Mayai ya Kofia ya Marehemu

Jumatatu, 3 Machi. Ukungu hadi dirishani, ua hauonekani.
Wifi amesema mama mkwe amekonda, atamhamishia kwake Jumapili. Kwake! Mimi niliyemwogesha miaka yote. Mbinu: kumnenepesha kabla ya siku hiyo. Yai bichi ndani ya maziwa, kila asubuhi. Mayai nimeyakuta stoo, ndani ya kofia ya marehemu baba mkwe. Yana joto. Hatufugi kuku. Riziki haiulizwi kwao.

Jumanne, 4 Machi. Ukungu bado.
Mayai yana kinyesi. Nikayasugua kwa maji baridi. Beseni lilipotulia, mengine yakasimama wima, kama watu wanaosubiri kuitwa. Nikaona ni adabu. Mama mkwe alikunywa, akauliza mbona maziwa yananuka mumewe. Wifi alipiga simu kunifundisha: yai lichemshwe mpaka kiini kigande, lenye ufa litupwe. Nikamwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akajibu kwamba mimi nimenyoa.

Alhamisi, 6 Machi. Kimya, hata ndege.
Mama mkwe ana homa, anahara, midomo imemkauka. Alininong'oneza kwamba marehemu anakoroma stoo. Nikaenda ili nimtoe hofu. Kweli kunakoromwa. Gizani, juu ya kofia, jicho moja la mviringo: kuku wa watu, kaingilia dirisha bovu, anaatamia. Nilimwomba radhi, nikafunga mlango.
Nesi alikuja, akauliza mgonjwa amekula nini. Nikasema uji. Akainua bilauri, akainusa, akanitazama sana.
"Dada, yai bichi halimpi mgonjwa nguvu. Linawapa nguvu vijidudu. Kwa umri wake huyu, ungengoja kesho ungemzika."
Amelazwa.

Jumamosi, 8 Machi. Ukungu umerudi.
Mama mkwe anakunywa maji kwa kijiko. Wifi amesema akiruhusiwa, kwangu harudi. Chumba chake ki wazi. Godoro limebonyea kama kuna mtu. Nilikaa pembeni yake nikatafakari kwa utaratibu. Kosa nimelipata: maziwa. Vijidudu hupenda maziwa. Kesho nitampelekea yai kwenye juisi ya machungwa, ndani ya chupa ya chai, wifi akienda kuchukua dawa. Nimekunywa bilauri nzima mwenyewe kwanza, nisije nikalaumiwa. Tamu. Baadaye tumbo likaanza kuongea kwa sauti isiyo yangu. 

Jumapili, 9 Machi. Usingizi nimeupata saa kumi na moja alfajiri, nimeegemea mlango wa choo.