Nirudishieni Mume Asiyechambua Taka

Kwa Meneja,
Kiwanda cha Taka na Umeme.

Ndugu Meneja,

Pokea salamu zangu, na pole kwa moshi. Mimi ni mke wa msimamizi wa mkanda wenu wa kuchambulia taka, yule mnayemwita Mzee wa Glavu. Niliwapa mtu wa kawaida, mkampeleka semina ya ufanisi wa tanuri, mkanirudishia mkaguzi. Kwa heshima zote, naleta malalamiko yangu:

1. Jikoni kwangu sasa kuna ndoo nne: ya maganda, ya plastiki, ya chupa na vyuma, na ya "vinavyojadiliwa". Kila jioni anazipekua kama mtu aliyepoteza pete. Wifi yangu, dada yake huyo huyo, alipokuja kututembelea, mume wangu akaibua humo saa ya ukutani ambayo wifi alituletea tulipohamia. Akaiinua mbele yake na kuuliza kama betri imetolewa. Mimi nilikuwa nimeshamwambia wifi kwamba saa iko kwa fundi. Tangu siku hiyo ananisalimia kwa kikohozi.

2. Anasema taka mbichi ndizo zinazoua joto la tanuri: moto unamaliza nguvu zake kukausha maji, umeme unapungua, moshi unazidi. Sawa, nimeelewa. Lakini ndiyo maganda ya ndizi yaanikwe kwenye kamba yangu ya nguo, tena kwa vibanio? Mama mkwe alipoyaona alinivuta pembeni akaniuliza, kwa upole wake, kama tuna shida ya chakula.

3. Amekata kadi za kijivu, kuanzia hafifu hadi iliyokolea, za kulinganishia rangi ya moshi wa jiko langu. Ukitokea moshi kidogo tu, utamsikia: "Mama watoto, huo mwako haujakamilika." Nyani haoni kundule. Siku ile ya mvua bomba lenu lilitoa moshi mweusi tii, shuka zangu zikawa kama matambara ya gereji. Nilipomwonyesha akalitetea hilo bomba kama kifungua mimba wake: vichujio vimezidiwa, taka zimelowa, na makosa yote yanaanzia majikoni. Akanitazama mimi.

4. Ameanza kuchambua na watu. Kaka yangu, aliyekuja kulala siku mbili na sasa anajua mahali pa kila kijiko, amewekwa kundi la taka mbichi: maji mengi, joto hakuna. Kwa kweli hapo sikubisha, ila angengoja kaka mwenyewe atoke sebuleni.

5. Juzi nikafunga safari hadi kiwandani kumshtaki kwako ana kwa ana. Hukuwepo. Mlinzi akaniwekea kiti karibu na mkanda nisubiri. Mara blanketi likajiviringisha kwenye roli linalozungusha mkanda, mkanda ukasimama, tanuri likakosa chakula likapoa. Walipolichochea tena, bomba lilifuka hadi mlinzi akafunga dirisha. Mume wangu alikuwa amelala kifudifudi akilikata lile blanketi kwa kisu, jasho linamtiririka, huku anaimba. Ndugu Meneja, nyumbani haimbi. Hili ndilo lililoniuma kuliko yote.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili. Ama mumpe semina nyingine ya kumsahaulisha ile ya kwanza, ama mje mchukue jiko, ndoo, kamba na kaka yangu mviandikishe rasmi, maana nyumba yangu tayari ni tawi lenu. Nikikosa jibu, nitazichanganya taka za mtaa mzima kwa mikono yangu hii.

Nisalimie wachambuzi wote, wachochea tanuri, na mlinzi kwa kile kiti.

Mwenye kuvumilia,
Mke wa Mzee wa Glavu

N.B. Pale niliposubiri, betri mbili na kopo la dawa ya mbu vilikuwa vinapita mkandani hivi hivi, hakuna anayevigusa. Nikavitoa. Kisha nikatoa na kingine, na kingine, mpaka king'ora cha kutoka kikanikuta bado nimesimama. Kama upande ule wa kushoto hauna mtu, mimi Jumatatu nina nafasi.