Kinanda cha Dekow Hakijui Adhana

Kinanda kimenivua nguo leo, tena mbele ya wenye harusi. Kitu cha plastiki! (Msianze.)

Mnanijua. Useremala niliuacha, ufundi wa pikipiki niliuacha, shule niliiacha mapema kuliko vyote. Safari hii nilitaka piano. Nimeiona moja tu maishani, kwenye hoteli ya Nanyuki nilikokuwa naosha vyombo, na tangu siku hiyo haijanitoka kichwani. Nilichora vitufe vyake kwenye katoni nikawa nafanya mazoezi. Bila sauti, lakini kwa hisia.

Rafiki yangu Dekow, fundi wa redio hapa Garissa, akanicheka. "Piano utaiweka wapi, walaal, ndugu yangu? Hata kitanda huna. Jifunze kinanda. Piano unaipiga peke yako, kinanda kinakusaidia."

Kinakusaidia! Neno hilo ndilo limenimaliza.

Akaniazima chake. Kina kitufe chekundu: ukikibonyeza, wimbo mzima unatoka, ngoma, filimbi, kila kitu. Nikajifunza kurusharusha vidole juu yake kama mtu anayejua. (Nilipanga kujifunza kweli baadaye. Kwani kuna haraka?)

Leo mchana ndipo nilipojaribiwa. Shukri, mwimbaji wa harusi, alikuwa anatafuta mpiga kinanda wa kwenda naye kwenye harusi moja Modogashe. Kazi ya kusafiri na kula nyama ya ngamia! Kazi iliyoumbwa kwa ajili yangu! Tukakaa uani kwake na Abti Gedi, mjomba wa bibi harusi, ambaye neno lake ndilo la mwisho. Dekow naye alikuja, eti kulinda mali yake.

Nikabonyeza chekundu. Nikafumba macho. Vidole vikaruka.

"Mashallah," akasema Abti Gedi.

"Huyu tunaenda naye, wallahi!" Shukri akapiga makofi.

Papo hapo msikiti wa jirani ukaadhini.

Huku kila mtu anajua: adhana ikianza, muziki unazimwa. Hata redio ya muuza miraa inanyamaza. Shukri akavuta mtandio wake vizuri. Nami, kwa adabu zangu zote, nikainua mikono.

Kinanda kikaendelea. Tena ndipo tarumbeta zilipokuwa zinaingia!

Abti Gedi akanitazama. Akaitazama mikono yangu hewani. Akakitazama kinanda.

"Warya, wewe! Mikono yako iko juu. Nani anapiga?"

Sikuwahi kujifunza kukizima. Nyumbani nilikuwa nachomoa waya tu, na leo kilikuwa kwenye betri. Nikabonyeza kitufe: kikaongeza kasi. Nikabonyeza kingine: kikabweka. Naapa, mbwa! Katikati ya adhana! Hivi nani anatengeneza kinanda chenye mbwa? Alikuwa anamkusudia nani? Nikakikalia. Mbwa wakawa wengi.

"Astaghfirullah! Zima! Zima!" akafoka Abti Gedi.

Dekow akanisukuma kando, akakipindua, akang'oa betri. Kimya.

Hakuna aliyecheka. Tukaenda kuswali, nami nikajificha safu ya nyuma. Kwenye sijda nikaona mabega ya Dekow yakitikisika. Nilijua si kwa kumcha Mungu.

Tuliporudi nikaomba msamaha. Nikasema nitajifunza kweli, usiku na mchana, nipewe nafasi moja tu. Abti Gedi akachezea ndevu zake zenye hina.

"Kinanda ni kizuri," akasema. "Kitaenda Modogashe."

"Na mimi, abti?"

"Kama kinajipiga chenyewe, wewe unaenda kufanya nini?"

Nikamtazama Shukri. Shukri akatazama ukuta.

Na mnajua nani anaenda kubonyeza kitufe chekundu? Dekow! Mshauri wangu! Saa hii anapiga pasi kanzu, na amenituma nimnunulie betri mpya!

Basi nimerudi kwenye katoni yangu. Piano ukiinua mikono inanyamaza, na haiwezi kwenda harusini ikakuacha nyumbani. Na wa kwanza kunitumia sauti ya mbwa hapa, namfungia.