Choo Kwenye Ukuta Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Vita vimeanza. Adui anatembea na futi ya chuma kiunoni.

Mambo yako hivi. Bibi anahamia kwetu wiki ijayo. Magoti yake yamegoma kukunjika. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na daktari kasema Bibi asichuchumae tena maisha yake yote. Kwa hiyo Dada kaamua: bafu livunjwe, kiwekwe choo cha kukaa, na shawa badala ya ndoo na kopo. Vizuri. Sina neno.

Halafu Shemeji akafungua mdomo. Shemeji ni mume wa Dada. Anafanya kazi stoo ya kiwanda cha magodoro, kwa hiyo anajua kila kitu. Akasema kama tunavunja basi tuvunje kweli. Anataka hodhi. Lile refu, jeupe, mtu unalala ndani kama maiti anayesubiri ndugu. Akapima bafu. Akapima tena. Akasema halienei. Kisha akagonga ukuta kwa kidole, mara mbili. Ukuta wa chumba changu! Akasema huu ukiondoka, hodhi linaenea na nafasi inabaki.

Dada akauliza, na mdogo wangu atalala wapi? Shemeji akasema kijana mzima kama yule hata kwenye kochi analala, tena atapata usingizi kuliko sisi.

Nilikuwepo. Nilisimama mlangoni na ufagio. Nikataka kusema kitu. Nikafagia mahali nilipokuwa nimeshafagia.

Chumba changu ni hatua nne kwa tatu. Kitanda, msumari wa nguo, dirisha. Ndicho chumba changu cha kwanza chenye mlango tangu nizaliwe. Sikitoi.

Jumanne, 4 Machi

Nimepima bafu mwenyewe, wakiwa kazini. Si kwa futi. Futi ina vistari vingi, na mimi shule niliiacha darasa la tano, vistari bado hatujavifikia. Nimepima kwa kamba ya katani. Fundo hapa, choo. Fundo pale, shawa. Vyote vinaingia bila kugusa ukuta wangu. Hata ndoo inapata pa kukaa!

Dada aliporudi nikamwonyesha kamba. Akauliza ni nini. Nikasema kamba. Akasema asante, alikuwa anaitafuta. Akaanikia nguo.

Nimekaa kitandani nikafikiri. Shemeji, Dada anamsikiliza nusu. Mimi hanisikilizi kabisa, labda kwa sababu sisemi. Lakini Bibi akikohoa tu, nyumba nzima inasimama wima.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa Mama Mdogo, Bibi anakokaa sasa. Bibi ndiye mtu pekee ninayeweza kuongea naye bila kutazama sakafu.

Nikamweleza kuhusu hodhi. Kwa huruma. Nikasema ni zuri sana. Kuingia unaruka tu ukingo. Kutoka unanyanyuliwa.

Akauliza kunyanyuliwa na nani.

Nikasema Shemeji ana mikono ya nguvu, kazini ananyanyua magodoro.

Bibi akaweka kikombe chini. Akasema katika maisha yake amenyanyuliwa akiwa hana nguo na watu wawili, mama yake na muuguzi, na hana mpango wa kuongeza mkwe. Nikasema mimi nasema tu, Bibi. Akasema na mimi nasikia tu, mjukuu wangu, hebu nipe hiyo simu.

Kwenye simu Dada alisema "ndiyo, Bibi" mara kumi na moja. Nilihesabu.

Jioni Shemeji alikaa muda mrefu akiivuta futi na kuiachia. Trrr. Trrr. Hodhi limekufa. Aliniangalia. Mimi nilikuwa natazama sakafu, kama siku zote. Uzuri wa kuwa na aibu: siku una hatia na siku huna, sura ni ile ile.

Alhamisi, 6 Machi

Nilifurahi mapema. Shemeji kaja na jipya. Kasema sawa, hodhi tuliache, lakini choo na shawa vyote vipangwe upande wa nje, ukuta wa kijana ubaki mtupu. Kwa baadaye.

Kwa baadaye! Mtu anayesema hivyo nyundo anayo tayari.

Leo fundi bomba kaanza. Ni mzee mwembamba, spana mfuko wa nyuma, kila ukimuuliza anasema inategemea. Nikampelekea maji ya kunywa. Nikaitazama ndoo yake nikasema choo kikae hapa, ukuta huu. Akauliza kwa nini. Nikasema Bibi akikaa hapo analiona dirisha. Akafikiri. Akasema kazi hii kaifanya miaka mingi na hajawahi kusikia mtu akimfikiria anayekaa. Akachora alama ya chaki.

Ukuta wangu! Sasa ajaribu. Ukuta wenye choo hauvunjwi. Utavunjaje na mtu amekaa?

Nikamwomba pia upande wa nje aumalize kwanza, mabomba ya shawa, vigae, kila kitu, ili Shemeji asije akageuza mawazo. Hiyo sababu sikumwambia. Akasema inategemea. Lakini ameanza.

Jumamosi, 8 Machi

Dukani. Dada, Shemeji, Bibi, na mimi wa kubeba.

Vyoo ishirini na vitatu kwenye mstari mmoja, vifuniko vyote juu, kama kwaya imeshika noti. Msichana wa dukani nimempa jina Miwani. Aliuliza mtumiaji ni nani. Sote tukamgeukia Bibi. Bibi akageuka nyuma, akaona hakuna mtu, akasema haya, ni mimi.

Shawa ilichukua dakika tano. Shemeji alitaka ile pana kama sinia, yenye namna saba za kumwaga maji. Bibi akauliza kwani yeye ni bustani? Akachukua yenye mpira mrefu, ya kushika mkononi, na chuma cha kujishikia ukutani, na kiti cha kukunja. Nilifurahi. Vyote vidogo!

Choo kilichukua saa nzima. Bibi hanunui kitu cha kukalia bila kukikalia. Alianza mwanzo wa mstari. Cha kwanza miguu ilining'inia, akasema yeye si mtoto wa shule. Cha nne kinamtazamisha mlangoni, akakichukia bila sababu nyingine. Cha tisa kilikuwa kifupi. Nyayo zikafika chini, zote mbili. Akaweka mkoba mapajani. Akafumba macho.

Tukangoja. Mteja mmoja alikuja, akaona, akaomba radhi, akarudi kinyumenyume. Dada akanong'ona, Bibi, vipi? Bibi akasema usinikimbize. Shemeji akasema tukilipia sasa labda tunambeba na choo chake. Bibi, macho yakiwa yamefumbwa, akamwambia ajaribu.

Basi ni hicho. Ndipo Miwani akasema kipo cha aina mbili, kinachotolea chini na kinachotolea nyuma. Nyumbani mnataka kipi?

Shemeji akasema chini. Haraka, mkono kwenye futi.

Dada akanigeukia mimi. Akasema wewe ndiye unayeshinda na fundi. Kipi?

Tangu nihamie nyumba hii hakuna aliyewahi kunigeukia ili nijibu kitu. Wote walinitazama. Hata vile vyoo. Nilikuwa sijui. Sikujua hata swali linahusu nini. Nilichojua ni kwamba Shemeji kasema chini.

Nikasema nyuma.

Miwani akauliza una hakika, kaka? Nilikuwa natazama viatu vyake. Vyeusi, vina kifungo. Nikasema nyuma kabisa.

Dada akasema basi nyuma. Shemeji akaachia futi. Trrr! Siku nzuri kuliko zote. Nimekibeba choo mwenyewe mpaka garini.

Jumatatu, 10 Machi

Bibi kahamia jana na mikoba sita.

Leo fundi kafungua boksi uani. Akakitazama choo. Akakizunguka. Akaingia bafuni, akaitazama chaki ukutani. Akauliza nani alichagua hiki. Nikaenda kumchotea maji.

Niliporudi Dada na Shemeji walikuwa hapo. Fundi akawa anaeleza taratibu, kama anaeleza msiba. Kile kinachotolea chini, uchafu unashuka kwenye sakafu kwa bomba la zamani, kwisha habari. Hiki tundu lake liko mgongoni. Kwa hiyo uchafu unatoka kupitia ukuta wowote kitakaouegemea.

Dada akauliza kitaegemea ukuta upi.

Wote tulikuwa tunauona.

Dada akasema basi kihamie upande wa nje. Fundi akasema upande wa nje una shawa na vigae vipya vimeshakauka, kijana alimwomba aumalize mapema. Dada akasema basi kirudi dukani, tubadilishiwe. Akampigia simu Miwani. Miwani akasema kinachotolea chini kimebaki kimoja, ila kimezidi urefu kwa vidole vinne.

Tukaenda kumwambia Bibi. Tulimkuta uani, amekikalia choo juu ya boksi lake lililokunjuliwa, mkoba mapajani, anasalimiana na jirani juu ya ua. Dada akasema ni vidole vinne tu, Bibi. Bibi akanyoosha vidole vinne, akavitazama, akasema miguu ni yake, na vidole hivyo vinne amevingoja tangu magoti yaanze. Hashuki hapa. Akaendelea kumuuliza jirani habari za watoto.

Shemeji hakucheka. Alikuwa anavuta mashavu kwa ndani. Hiyo mbaya zaidi.

Jumanne, 11 Machi

Ukuta wangu umevunjwa.

Si wote. Tundu la ukubwa wa kichwa. Fundi alipiga tindo asubuhi nzima, vumbi likaingia mpaka ndani ya daftari hili. Bomba ni la kijivu, nene kama paja. Linaingia kutoka bafuni, linapita chini ya kitanda changu, linatokea chini ya dirisha kwenda shimoni. Kitanda ilibidi kinyanyuliwe kwa matofali. Sasa nakipanda kwa kurukia, Bibi asingekiweza. Upande wa mto fundi kaweka kifuniko cha kuzibulia. Kasema nisiweke kitu hapo juu. Akihitaji kuzibua atapiga hodi kwanza. Mtu mstaarabu.

Shemeji alikuja kuona. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Akasema, "Mimi niliomba ukuta kwa ajili ya maji safi, mkanikatalia." Akaenda zake. Nilimsikia akimsimulia mtu kwa simu. Akaanza tena mwanzo kwa mtu mwingine.

Nilikuwa na jibu zuri sana. Limenijia saa tisa alasiri.

Alhamisi, 13 Machi

Bafu limefunguliwa rasmi. Tulisimama ukumbini wote watatu, na fundi, tukasikiliza mlango uliofungwa. Bibi alikaa mle muda mrefu. Tulisikia shawa. Tukamsikia anaimba kidogo, kitu ambacho hajafanya tangu magoti yagome. Akatoka, kajifunga khanga, uso unang'aa. Akasema leo nimeoga kama mtu, bila kushikwa na mtu. Dada akajifuta macho. Shemeji akatazama dari. Na mimi kitu kikaingia jichoni, bila shaka lile vumbi la juzi.

Kisha Bibi akaniita mbele ya wote. Akasema dirisha analiona vizuri kabisa pale alipokaa. Fundi kamwambia ni wazo langu. Nikatazama sakafu. Vigae vizuri.

Hasara: mtu akisukuma maji, chini ya kitanda changu lori linamwaga kokoto.

Faida: najua kila mtu. Bibi anasukuma mara moja, polepole, kisha anasema asante. Dada anasukuma huku anakimbia. Shemeji anasukuma mara mbili. Mara tano kwa siku! Mtu wa stoo, na tumbo halitunzi kitu.

Kaniambia kochi bado lipo, nisione haya. Nikatikisa kichwa. Ukuta umesimama. Una tundu, lakini umesimama. Kwa hesabu yangu nimeshinda.

Jumapili, 16 Machi

Balaa jipya.

Dada kasema maadamu fundi bado yupo, atuwekee na sinki jipya jikoni, la zamani linavuja. Shemeji akaenda kuangalia jiko. Nikamfuata na ufagio. Jiko liko upande wa pili wa chumba changu. Akavuta futi. Akapima. Akaugonga ukuta kwa kidole, mara mbili. Akasema huu ukiondoka, friji ya milango miwili inaenea.

Sikusubiri. Nilikwenda kwa fundi na kopo la maji, mbio, nusu likamwagika. Nikaitazama ndoo yake. Nikasema sinki likae ukuta ule, wa chumba changu. Mwosha vyombo ataona uani. Akanitazama muda mrefu. Akachora chaki.

Ukuta wenye sinki hauvunjwi.

Kisha akauliza, maji machafu tuyatolee chini au nyuma?

Safari hii sikukurupuka. Nilifikiri kwanza. Nikamuuliza Shemeji kasemaje.

Akasema Shemeji kasema chini.

Nikasema nyuma.