Uzinduzi wa Mtambo wa Jua Chini ya Turubai

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa leo ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wajumbe wa kamati yangu, wa kamati ndogo ya kamati yangu, na sekretarieti ya hiyo kamati ndogo. Viongozi wa dini zote. Wazee wangu, shikamooni. Nanyi wananchi wa Mabawa mliosimama juani kwa nidhamu ya hali ya juu. Kama kuna niliyemruka, ajihesabu ametajwa! (Makofi kutoka kwenye turubai.)

Ndugu wananchi, kwa miaka sita kiwanda cha kutia rangi vitambaa kimekuwa kikishusha majitaka kwenye mfereji wenu, Jumatatu mekundu, Alhamisi ya buluu, na wapo wachache wasio na shukrani wanaodai eti visima vimeharibika na watoto wanajikuna mpaka damu. Ofisi yangu haikulala! Tulifanya semina elekezi, tukaunda kikosi kazi, tukasafiri Ulaya siku kumi na nane kujifunza habari za jua. (Kicheko kutoka juani.) Mnacheka nini? Jua la kule limefanyiwa utafiti!

Leo nazindua teknolojia ya kichocheo kinachoamshwa na mwanga. Majitaka yanaingia kwenye tenki hili, yanakutana na unga maalumu mweupe, huu mnaouona kwenye ndoo, jua likiupiga, ule unga unaivunjavunja sumu mpaka kisibaki kitu, kwa ufanisi wa asilimia mia moja na tatu. (Makofi.) Mtaalamu wetu, Bwana Methusela, amenisumbua tangu asubuhi kwamba mtambo wa jua haukai chini ya turubai. Nikamuuliza, sasa meza kuu ikae wapi? Niungue mimi? Itifaki ni itifaki, bwana.

(Sauti ya mwanamke: "Mheshimiwa, naomba kusema!") Sema, mama, kwa kifupi.

("Naitwa Mwanasiti. Mjukuu wangu ana vidonda mwili mzima, na sina maji mengine ya kumwogesha ila haya ya kisimani. Nimekuja nayo kwenye dumu. Yapitishe humo, yakitoka safi tunywe sote, uanze wewe." Vigelegele.)

Mama, wazo zuri sana, ila liko nje ya ratiba. Weka dumu chini. Chini, nimesema! Usishike bomba hilo, gundi haijakauka!

(Bomba linabaki mkononi mwa Mwanasiti. Anachungulia tundu. Tenki ni tupu.)

Jua oyee! (Kimya.) Kichocheo oyee! (Oyee moja, ya katibu wa Mheshimiwa.)

Kwa kumalizia, namshukuru Bwana Aliasgar, muuza matangi, kwa kutuazima tenki hili, na namhakikishia litarudi dukani kabla ya saa kumi, maana mteja wake anasubiri. Namshukuru Devota, mama lishe wetu, kwa unga wa muhogo mliouona kwenye ndoo. Nawe Bi. Mwanasiti, nakushukuru kwa uvumilivu wako wa miaka sita. Usisahau dumu lako, mama, mtoto hajaoga.