Nimemnunua Mkurugenzi kwa Kibuyu cha Asali

Leo nimeaibika mpaka masikio yamepata moto. Naandika huku nimejifunika khanga ya Mama kichwani, na Mama mwenyewe yupo sebuleni anacheka peke yake kila baada ya dakika mbili.

Kwa mnaonifahamu juujuu: mimi ni Nyamizi, mtoto wa Gongoni, hapa hapa Tabora mjini. Nilikuwa Dar, nikijaribu programu za simu kwenye kampuni moja (kazi yangu ilikuwa kutafuta makosa kabla mteja hajayaona). Mwanzoni mwa mwaka tukaitwa kikaoni, tukaambiwa akili mnemba sasa inayaona makosa haraka kuliko sisi, asanteni kwa mchango wenu. Nikafungasha laptopu, godoro na feni, nikapanda treni kurudi kwa Mama.

Tangu hapo nimetuma maombi ya kazi mpaka nimechoka na jina langu mwenyewe. Wiki iliyopita ndiyo nikajibiwa. Ni kampuni yenye programu inayosikiliza vikao vya Kiswahili na kuandika muhtasari, na wanataka mtu wa kuusoma na kuonyesha ilipokosea. Unafanyia kazi popote, hata Gongoni. Mmeelewa? Akili mnemba imenifukuza kazi, na mimi naomba kazi ya kusahihisha daftari lake!

Lakini niliitaka, sifichi. Mama yuko peke yake tangu Baba afariki, na mimi kurudi Dar kulala kwenye kochi la binamu sitaki tena. Isitoshe Mama alishaitangazia Jumuiya yake nzima ya kanisani iniombee. Nikikosa, wamama wote wale watataka maelezo, tena mmoja mmoja.

Usaili ulikuwa saa nne asubuhi, kwa video. Barua pepe ilisema niingie robo saa kabla, kwa sababu "mtu wetu atapima sauti na wewe". Saa tatu na nusu nimeshatundika shuka jeupe kuficha kabati la vyombo. Juu koti la suti, chini kitenge cha jikoni, kile chenye picha za kuku (na nyie mnafanya hivyo hivyo, msinitazame). Fundi mageti wa jirani nilimwomba asichomelee kwa saa moja.

"Nenda kapate kazi, dada," akasema. "Mimi nakunywa chai."

Naingia. Upande wa pili namwona baba mmoja wa makamo, fulana ya kijani iliyopauka, waya umemzunguka shingoni, anapuliza maikrofoni. Pfuu! Pfuu!

"Halo, halo. Nyamizi, unanipata?"

"Nakupata, fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu hesabu mpaka kumi."

Hakukataa kuitwa fundi! Hilo naomba mlikumbuke. Nikahesabu. Pembeni mwa skrini palikuwa na kijitaa chekundu kinapepesa, sikukijali. Nilichokijali ni jina lililoandikwa chini ya picha yake: Kondo.

"Kondo wa wapi, fundi?" nikauliza.

"Wa Kisarawe, kule Maneromango."

"Mzaramo!"

"Mzaramo halisi. Na wewe Nyamizi wa Tabora si Mnyamwezi wewe?"

Sasa kwa msiojua: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, tangu enzi babu zetu walipokuwa wakitoka huku na mizigo kwa miguu mpaka pwani. Njiani walikula kwao, wakalala kwao, wakatukanana nao, wakacheka. Mpaka leo mtani akimwona mtani hasalimii kistaarabu. Kumwacha apite hivi hivi bila kumsema ni kukosa adabu, na Mama hakunilea hivyo. Halafu tulikuwa na dakika kumi nzima za bure.

"Kumbe umejificha huko!" nikaanza. "Babu yangu alipita kwenu na pembe begani, akawakuta ukoo mzima mmelala usingizi saa nne asubuhi. Akawanunua wote kwa kibuyu kimoja cha asali. Wewe ni mali yetu. Nani kakuruhusu kushika mashine?"

"Babu yako yupi?" akadakia. "Yule aliyefika pwani akaona povu la bahari, akaomba kijiko akidhani ni uji?"

"Cheka tu. Siku ukifa nakuja Maneromango, naingia kaburini mwako nalala. Sitoki mpaka wanao wanipe jogoo!"

"Jogoo? Utapewa viazi vikavu, michembe yenu ile. Kuku ninyi mnamjua kwa picha!"

(Nikatazama kitenge changu. Nikajikaza.)

"Na huyo mkurugenzi wenu," nikasema, ulimi umeshapata kasi, "ana akili kweli? Mzaramo unampa waya za umeme? Mzaramo anapewa ngoma!"

Baba wa watu alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi.

"Hilo nitamfikishia," akasema. "Sauti yako nzuri, mtani. Rudi saa nne kamili."

Akakata. Nikajinyoosha kwenye kiti nimeridhika kabisa, nikijua kwamba hata nikikosa kazi, fundi wao nimeshamweka mfukoni.

Saa nne kamili nikarudi. Safari hii kulikuwa na nyuso mbili. Moja ya mama mtanashati, amenyooka, hacheki. Ya pili ni ya Kondo. Fulana ile ile ya kijani, ila sasa ina koti juu.

"Karibu, Nyamizi," yule mama akasema. "Mimi ni Njeri, niko Nairobi, nasimamia mambo ya wafanyakazi. Huyu ni Bwana Kondo, mkurugenzi mkuu wetu. Nadhani mmeshaonana."

Mkurugenzi. Tena mkuu!

Niliona giza. Nilitafuta pa kujificha, nikaliona shuka, nikaliona na kabati nyuma yake, nikabaki palepale.

"Fundi wa sauti tulimpunguza mwezi uliopita," Kondo akasema kwa upole, kama mtu anayeungama. "Tulipunguza wengi. Siku hizi napima mwenyewe."

Ingeishia hapo ingekuwa aibu ya kawaida, ya kulala nayo na kuamka nayo. Lakini Bi. Njeri akaweka miwani sawasawa.

"Kabla tuanze," akasema. "Ile programu yetu husikiliza kila kikao na kunitumia muhtasari kikiisha. Nimepata wa kile chenu cha kupima sauti. Nimeusoma mara tatu. Sasa nataka tuusome pamoja."

Kile kijitaa chekundu, jamani! Akauweka kwenye skrini. Nimeupiga picha, nanukuu neno kwa neno:

"Mambo yaliyojadiliwa: Mwombaji alieleza kuwa familia yake ilimnunua mkurugenzi pamoja na ukoo wake kwa kibuyu kimoja cha asali. Stakabadhi haikuwasilishwa. Mkurugenzi alijibu kuwa babu wa mwombaji aliomba kijiko baharini. Mwombaji alitilia shaka akili ya mkurugenzi, akashauri apewe ngoma.

"Hatua zinazofuata: Mkurugenzi kufa, tarehe itapangwa. Mwombaji kulala kaburini. Watoto wa mkurugenzi kutoa jogoo.

"Mengineyo: Sauti ni nzuri."

Maisha yangu yote namlalamikia fundi mageti kwa kelele, leo ndiyo siku niliyotamani awashe mashine.

"Nyamizi," Bi. Njeri akasema polepole, "kwetu mtu akiambia bosi atalala kwa kaburi yake, hiyo ni kesi. Nisaidie kuelewa."

Nikamtazama Kondo anitetee. Ameuma midomo, mabega yanatikisika, ananiacha nizame. Mtani wa kweli yule, nimemvulia kofia!

Kazi nikaiona inaondoka. Niliwaza Jumuiya. Niliwaza lile kochi la binamu. Machozi yakaanza kunilenga, na hapo hapo shuka likatikisika.

Mama. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote na sinia la chai, anasikiliza (kwa mujibu wake alikuwa "anapita"). Akalivuta shuka kando kama pazia. Kabati likaonekana lote, masufuria, mabeseni, chupa za chai, na sanduku la sahani za wageni.

"Yuko wapi huyo Mzaramo?" akauliza, ameinamia kamera mpaka wakawa wanaona paji la uso tu. "Wewe! Siku hizi mnavaa makoti?"

"Mke wangu!" Kondo akapasuka. "Nilikuacha kigoli, mbona umezeeka hivyo?"

"Mke wako nani? Kaoe mnazi!"

Nikasimama nimtoe Mama. Nimesimama, jamani. Koti juu, kuku chini.

"Bi. Njeri, tazama!" Kondo akapiga kelele. "Jogoo wake ameshamvaa!"

Bi. Njeri akaweka mkono mdomoni. Nikadhani ameshtuka. Kumbe kicheko kimembana, na kilipotoka kilitoka chote, mpaka kalamu ikamdondoka. Ilichukua muda tukarudi kwenye viti. Mama naye akavuta kigoda akakaa, hakuna aliyethubutu kumwambia atoke.

"Sawa," Bi. Njeri akasema akifuta macho. "Swali langu la kwanza. Hii programu imekosea wapi?"

Nikavuta pumzi. Hiyo sasa ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

"Haijakosea neno hata moja," nikasema. "Yote hayo tuliyasema. Ila haikuandika kwamba tulikuwa tunacheka. Anayeusoma muhtasari huu ataona watu wanataka kuuana, na mimi huyu baba nimempenda tangu aliposema Maneromango. Ningeandika mstari mmoja tu: mtani kakutana na mtani, sauti iko sawa."

Bi. Njeri akaandika kitu. Akaandika muda mrefu. Baada ya hapo usaili ukaenda kama usaili mwingine wowote, maswali ya maana, majibu mengine mazuri na mengine ya kubabaisha. Mwishoni akamgeukia Kondo.

"Unasemaje?"

"Mimi sina kura," Kondo akajibu. "Huyu ananimiliki."

"Basi ni mimi. Nyamizi, unaanza Jumatatu. Miezi mitatu ya majaribio."

Mama alipiga vigelegele mpaka fundi mageti akajua usaili umekwisha, akawasha mashine. Mimi nililia. Nililia nimevaa koti la suti na kuku, na sijali. Mama ameshampigia mwenyekiti wa Jumuiya kumpa habari njema (ameanzia kwenye jogoo, hajafika kwenye kazi).

Sasa hivi nimepokea muhtasari wa kikao cha pili. Unasema: "Hatua zinazofuata: Mwombaji kuanza kazi Jumatatu. Mkurugenzi kuoa mnazi." Bi. Njeri ameniandikia chini yake kwamba nianzie kusahihisha hapo.

Somo la leo: ukiambiwa upime sauti na mtu, pima na cheo chake. Wengine chekeni, nimewaruhusu. Ila Mzaramo yeyote atakayecheka hapa, wanae waanze kufuga jogoo mapema.