Lebo ya Koti la Mkurugenzi

Mheshimiwa mgeni rasmi uliyetuma mwakilishi, mheshimiwa mwakilishi ambaye bado uko njiani, wakuu wa idara, makaimu wao na makaimu wa makaimu, bwana mnunuzi uliyekuja na mkataba, mafundi cherehani, na wewe shemeji yangu uliyefunga kibanda chako cha ushonaji kwa neno langu tu: niliyemsahau ajihesabu ametajwa. Naomba radhi kwa jua linalowapiga machoni. Suala la pazia linashughulikiwa. (Makofi ya mstari wa mbele.)

Kama Mkurugenzi wa Mradi wa Lebo ya Kijani, natamka kifua mbele kwamba, kwa mujibu wa tathmini shirikishi niliyoifanya peke yangu, asilimia tisini na saba ya wadau wameridhika, na waliobaki wako likizo. Lebo, ndugu zangu, ndiyo injini ya ubunifu endelevu, kwani mbunifu akijua kwamba kitambaa, rangi na maji aliyotumia vitaandikwa shingoni mwa nguo, atachagua pamba badala ya nailoni, na ataacha upindo wa kutosha ili nguo ipanuliwe mwenyewe akinenepa kama mimi. (Kicheko.) Ndiyo maana kamati yangu imekaa miaka mitatu ikijadili kijani kipi ni kijani, na nikaagiza kila lebo iseme ukweli mtupu.

Bwana mnunuzi anaomba kuona nguo moja kabla ya kusaini. Ombi zuri, tutaliingiza kwenye mpango mkakati. (Minong'ono.) Asiposaini leo, shemeji hana pa kurudi, na mimi nyumbani sina pa kulala. Shemeji, mbona unaonyesha koti langu? Kumbe lina lebo. Nisome kwa sauti? Haya. "Kitambaa: pazia la chumba hiki. Rangi: imepaushwa na jua. Fundi: shemeji yake. Nguo nyingine za mradi: hakuna." (Kicheko, changu kikitangulia.)

Nimeona aibu, sifichi, lakini agizo lilikuwa langu na limetekelezwa. Sasa bwana mnunuzi anapapasa upindo wa koti, anataka mengine kama hili, na anauliza kibanda cha shemeji kitafunguliwa lini. Mimi hajaniuliza kitu.

Itikieni kaulimbiu: Lebo... (Wote: Ukweli.) Koti... (Wote: La shemeji.) Nawashukuru kwa kuhudhuria kilele cha mradi ambao haukuwahi kuanza, na zaidi nawashukuru kwa kuvumilia jua, maana pazia lenu ndilo hili nililovaa.