Lifti ya Ndoo na Debe la Pumba

Jumatatu, 3 Juni

Mzee mwenye kinu cha kusaga ametuita sote ofisini kwake, chumba kile chenye dirisha moja linalotazama uwanja wa malori. Amesema huu ndio mwaka wa mwisho wa kupandisha mahindi mgongoni. Atanunua lifti ya ndoo. Nilidhani sikusikia vizuri. Akaichora ubaoni: mkanda umesimama wima, mita ishirini na nne, umefungwa ndoo mgongoni, moja juu ya nyingine. Ndoo zinachota mahindi shimoni, zinapanda nayo, zinayamwaga ndani ya silo, ghala la mnara. Hakuna mtu anayegusa kitu. Nywele zilinisimama.

Kisha akauliza nani ataandaa makadirio ya ukubwa wake. Mkono wangu ulipanda wenyewe. Mimi ni karani wa mizani, mwaka wa kumi na tisa sasa. Lifti itahitaji msimamizi. Msimamizi atahitaji ofisi. Ofisi itahitaji kiti cha kuzunguka. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kiongozi wa wapagazi, alinitazama kama anayeona moshi ukianza kutoka nyumba ya jirani. Wivu tu.

Jumanne, 4 Juni

Makadirio tayari kabla ya chai ya saa nne. Nina kipaji, sijui kwa nini nilikificha muda wote huu.

Nilivyofikiri ni hivi. Mahindi yanaingia tani ishirini kwa saa. Pumba, siku wafugaji wanapokuja kupakia, zinatoka tani ishirini kwa saa vilevile. Ya nini kununua lifti mbili? Moja itafanya kazi zote, leo mahindi, kesho pumba, maana uzito ni uleule. Mzee alisoma karatasi mara mbili. Akasema ni wazo la kumpunguzia gharama, ila ameshamwita mhandisi, atafika Alhamisi, aipitie.

Aipitie. Nikatabasamu kwa meno ya mbele tu.

Jumatano, 5 Juni

Nimeona nimtangulie mhandisi kwa jambo moja zaidi. Tuna mkanda mkuukuu wa magurudumu, unaopeleka mahindi kutoka kwenye malori hadi dirisha la ghala. Umelala mno, unakula nusu ya uwanja. Ukisimamishwa zaidi, malori yote yataingia kwa pamoja.

Nimefanya jaribio nyumbani baada ya chakula cha mchana. Ubao wa kupigia pasi, umeegemezwa kwenye kabati, mahindi juu yake. Yakateremka yote hadi chini ya kochi. Nikamimina tena. Yakateremka tena. Lakini niliona jambo lililonikalisha sakafuni. Kila nilipomimina, rundo lilijijenga kwa mteremko uleule. Kikombe kimoja, mteremko ule. Sufuria nzima, mteremko ule. Kana kwamba mahindi yameafikiana. Nilimwita mke wangu aje aone. Alisema anachoona ni mume mzima kakaa katikati ya mahindi. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, akauliza kama kazini nalipwa kwa haya.

Hitimisho: ubao wa pasi unateleza. Mkanda ni mpira, utashika.

Alhamisi, 6 Juni

Mhandisi amefika. Mwanamke mfupi, viatu vya vumbi, begi moja la turubai. Nilikuwa nimejiandaa kumtisha kwa hesabu. Hakuuliza hesabu. Aliomba debe.

Akalijaza mahindi, akayasawazisha na mdomo wake kwa rula, akaliweka kwenye mizani. Kilo kumi na nne na nusu. Akalimwaga, akalijaza pumba, akazisawazisha vilevile. Kilo nne na nusu.

Nikasema mizani ina kasoro. Mzee akanikumbusha kwamba mizani hiyo ni yangu, na kwamba wiki iliyopita niliapa mbele ya dereva kuwa haijawahi kukosea.

Mhandisi hakucheka. Alinieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu mwenye akili, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akasema, "Ndoo haijui kilo, kaka. Ndoo inajua nafasi." Tani ishirini za pumba zinataka nafasi mara tatu na zaidi ya tani ishirini za mahindi. Lifti niliyoikadiria ingekabwa na pumba asubuhi ya kwanza.

Miaka kumi na tisa nimepima. Sijawahi kujiuliza kitu kina ukubwa gani. Nililitazama lile debe kama ndiyo kwanza naliona.

Halafu akamimina mahindi sakafuni, akapima mteremko wa rundo. Kama nyuzi ishirini na tano. Nikamwambia najua, huwa hivyo kila mara. Akageuka kunitazama kwa heshima. Raha niliyoipata siwezi kuiandika. Akaongeza kwamba kwenye mkanda unaotikisika, punje huanza kurudi mapema zaidi, kwa hiyo mkanda wetu usizidi nyuzi kumi na mbili.

Kumi na mbili. Woga wa wasomi.

Ijumaa, 7 Juni

Siku mbaya. Naandika nikiwa nimekaa upande mmoja.

Malori kumi na moja yalikuwa yanasubiri na mawingu yameshuka. Niliwahi kabla ya wote, nikauinua mkanda kwa jeki hadi nyuzi thelathini. Malori yote yakaingia uwanjani. Mzee alipotoka alisema hajawahi kuona uwanja umepangika hivi. Nikasimama chini ya mkanda, karatasi mkononi, nikaagiza mota iwashwe.

Mahindi yalipanda. Mita tatu, nne. Kwa muda mfupi yalikuwa mazuri ajabu, mto wa dhahabu unaopanda mlima. Kisha mto ukabadili nia. Punje za juu zikabingirika juu ya za chini, zote zikaja kwangu. Magoti. Mapaja. Kiuno. Kifua. Nilijaribu kuinua mguu, mguu haukuja. Watu hudhani mahindi ni kitu laini. Yanakushika kama saruji, na kila unapovuta pumzi yanakaza. Sikuweza hata kupiga kelele.

Shemeji ndiye aliyezima mota. Alinifukua kwa mikono yake, yeye na wapagazi wanne. Niliposimama alinipangusa vumbi usoni kwa kiganja, akasema, "Dada yangu angeniuliza mimi." Akaenda zake.

Mhandisi alipofika aliushusha mkanda, akapunguza mwendo, na mahindi yakapanda kimya kimya. Lakini saa mbili zilikuwa zimekwisha potea. Mvua ilikuta lori moja halijashushwa. Lilikuwa la mama mmoja mkulima, mzigo wa msimu mzima. Hakunilaumu. Alipanda juu ya lori, akaanza kuchota yaliyolowa kwa mikono.

Jumapili, 9 Juni

Siku mbili niko kwenye turubai la yule mama, nageuza mahindi juani kwa koleo la mbao. Nilijipeleka mwenyewe. Yamekauka karibu yote. Mama alinipa maji ya kunywa, akaniuliza kazi yangu ni nini hasa. Nikanywa maji yote, nikarudi kwenye koleo.

Jumatatu, 26 Agosti

Lifti imewashwa leo. Mbili kwa kweli: nyembamba ya mahindi, na nene ya pumba, ndoo zake pana kama beseni.

Mhandisi alinipandisha hadi juu kwa ngazi, akafungua kidirisha cha kioo. Ndoo zilikuja kutoka gizani, moja baada ya nyingine, zimejaa hadi mdomoni. Zilipofika kwenye gurudumu la kileleni zilipinduka, na kila moja ikarusha mahindi yake hewani. Yakaruka, yakaenda kuangukia mdomo wa bomba, bila punje kukosea njia. Nikauliza ni nani anayayaelekeza. Akasema hakuna, ni mwendo tu. Zikienda polepole, mahindi yangedondoka nyuma. Zikienda mbio, yangegonga kifuniko, mengine yangerudi chini na ndoo. Alitafuta mwendo wa katikati kwa penseli, mezani kwake, wiki mbili kabla ya chuma chochote kukatwa.

Machozi yalinilengalenga, nikasingizia vumbi. Chini, shemeji na wapagazi walikuwa wamesimama na mikono mitupu, vichwa juu, wanasikiliza mahindi yakinyesha ndani ya silo. Mzee amewafundisha wote kazi ya mitambo. Msimamizi ni shemeji. Kiti chake kinazunguka.

Jumanne, 27 Agosti

Habari zimeenea. Mwenye karakana ya mbao amenifuata kwenye mizani. Anataka mkanda wa kutolea maranda, yale mabaki mepesi ya kupiga randa, hadi nyuma ya karakana. Ameuliza kama amwite mhandisi wetu. Nimemwambia asimsumbue mama wa watu kwa kazi ndogo, nimekuwa naye bega kwa bega miezi mitatu. Nimeutazama uwanja wake kwa jicho moja, nikampa upana wa mkanda, mota na kila kitu kabla chai haijapoa. Ameuliza kama sitahitaji kwanza kupima maranda yenyewe. Nimecheka kwa upole, kama wanavyocheka wataalamu.